Upepo wa Mume wa Dobi

Habari hii ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Msimulizi anaapa kwa meno yake yaliyobaki, na anayapenda sana.

Mume wa dobi aliporudi kutoka hospitali, dobi alikuwa ngazini na ndoo mbili za mashuka mabichi. Bomba lilikuwa chini na kamba zilikuwa kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yake ilipita ngazini. Mumewe, karani mstaafu wa posta, alikuwa amewekewa stenti, kile kibomba kidogo cha wavu wa chuma kinachoshikilia mshipa wa moyo usizibe tena. Akaketi roshanini, akafungua vifungo vya shati apunge hewa. Hewa ikatoka kifuani mwake. Ilikuwa ya vuguvugu, na kabla hajamaliza chai, foronya zote kambani zilikuwa zimekauka na kunyooka kama zilizopigwa pasi.

"Damu inapita vizuri," akasema, akafunga vifungo.

Daktari alipoelezwa aliandika kwamba mgonjwa anaendelea vyema, akasisitiza vidonge vya kuzuia damu isigande visikose hata siku moja. Dobi ndiye aliyevikumbuka.

Majirani hawakukawia. Walipanda na vikapu vya nguo mbichi, wakampita dobi na ndoo zake, wakamuuliza bila kusimama kama mzee yupo. Nguo hizo alizifua dobi bombani, walizipokea mikononi mwa dobi zimekunjwa, halafu wakageuka kumshukuru mzee.

Wivu ukamkaba dobi. Upepo hakuuonea wivu, maana upepo ulimpunguzia kazi ya pasi. Alichokionea wivu ni kwamba mzee akikohoa tu, binti yao huacha sufuria motoni akaja mbio, na shemeji yake huleta mto mwingine. Yeye, kila akifika pale ngazi inapokata kona, kifua kilimbana, maumivu yakapanda tayani na kushuka mkono wa kushoto. Alishasema. Binti alisema ni gesi, shemeji akasema ni umri. Dobi hakutaka mto. Alitaka mtu mmoja amuulize, kisha na yeye apimwe.

Siku moja akamuuliza mumewe, huku akimpa vidonge, "Baba, uliposhikwa siku ile, ilianzia wapi?"

"Tayani. Halafu mkono. Kwani vipi?"

"Basi tu."

"Wewe, mama watoto, huna moyo wa kuumwa. Una moyo wa punda." Alisema hivyo kwa kumsifu, na akanyoosha mkono apewe maji.

Siku ya kliniki dobi alibeba mkoba wa mzee. Daktari alipomfungua mzee shati, karatasi zikaruka mezani, na madaktari wengine wakaitwa waje kusimama kwenye ule upepo. Wakakubaliana kwamba matokeo ni mazuri kuliko walivyotarajia. Dobi akasema kwamba na yeye kifua kinambana akipanda ngazi.

"Ukiuguza lazima uchoke, mama," daktari akasema, amekandamiza karatasi kwa viwiko. "Endelea kumtunza hivyo hivyo. Hebu tushikie huo mlango, upepo unatoka."

Dobi akashika mlango.

Jioni ile, kwenye kona ya ngazi, alitua ndoo, akafungua kifungo cha juu cha blauzi yake aone na yeye ana nini. Hakukutoka upepo. Ulisikika mlio mdogo wa kugonga, kama wa mtu aliyefungiwa chumbani anayeomba kwa adabu afunguliwe. Jirani mmoja alikuwa akipita na kikapu cha mashati.

"Dobi, kuna mtu anagonga kwako."

"Namsikia."

Jirani akaendelea kupanda.

Msimulizi alipofika hapa, wasikilizaji wake roshanini walicheka vizuri, na wengine wakamlaani huyo jirani asiye na utu. Dobi alikuwa akianika. Akatoa pini ya nguo mdomoni.

"Mbona hujawaambia yale mashati yalikuwa ya nani?"

Roshani nzima ikamgeukia msimulizi, ambaye alikuwa amevaa mojawapo. Akataka kueleza kwamba siku hiyo alikuwa na haraka. Dobi akamwonyesha ndoo kwa kidevu.

Msimulizi akashuka bombani na kuzipandisha ndoo mbili zilizojaa. Pale ngazi inapokata kona alitua apumue. Dobi, aliyekuwa nyuma yake mikono mitupu, naye akasimama, ameshika taya. Kugonga kulisikika vizuri kabisa hapo, na kulikuwa kumeongeza kasi. Wakaendelea kupanda. Juu, mzee akafungua vifungo, na nguo zilipokauka, watu wakamshukuru.