Mfereji wa Doria

Mwaka 1974, lori lilipoihamisha familia ya Dionis kutoka msituni karibu na Ipole hadi kijiji kipya cha ujamaa, mbwa wao Doria alikuwa na miezi minane tangu apofuke. Swila alimtemea sumu machoni. Kule kwao aliendelea kuishi vizuri tu. Aliujua uwanja wote, kuanzia jikoni hadi kwenye mizinga ya nyuki.

Kijijini nyumba zilipangwa mstari mmoja, zote sawa. Doria aligonga nguzo. Alimwaga maji ya watu. Siku ya nne aliingia kwa jirani yao Lugembe, akakanyaga unga wa muhogo ulioanikwa.

"Mfunge," alisema Lugembe. "Sina ugomvi nawe, lakini mfunge."

Dionis alimfunga. Mbwa akalia mchana kutwa, mpaka Imakulata, mke wa Dionis, akaifungua kamba.

"Baba Tobias, macho hana. Tumnyime na miguu?"

"Unadhani mimi nafurahi?" alijibu Dionis kwa ukali. "Hata mimi naamka sijui mlango uko wapi."

Alipaka nta mlangoni ili Doria ainuse. Sisimizi wakaivamia, wakafika hadi kitandani. Alimwongoza kwa kamba asubuhi na jioni. Ikilegea kidogo tu, mbwa anashika njia ya Ipole. Siku moja alimpiga kofi, akajuta papo hapo, na majuto yale yakamzidishia hasira.

Ndipo akachukua jembe, akachimba mfereji mwembamba, kina cha kiganja, kutoka mlangoni hadi kwenye mtungi wa maji. Balozi wa nyumba kumi akaja kumwambia anaharibu mstari wa kijiji.

"Basi nihamisheni tena," alisema Dionis, akaendelea kuchimba.

Wiki tatu Doria alitia mguu mferejini, akatoka, akapotea, akarudishwa. Asubuhi moja alikwenda peke yake hadi mtungini, akanywa, akageuka. Dionis alishusha pumzi. Lakini mbwa aliporudi hadi mwisho wa mfereji, pale mlangoni, akapitiliza, akaingia kwa Lugembe.

Lugembe akatoka amemshika shingoni. Dionis alijiandaa kwa ugomvi.

"Hapa mlangoni kwako hakuna kinachomsimamisha," alisema Lugembe. "Weka jiwe."

Dionis alileta jiwe, akalibwaga chini kwa kishindo.

Kesho yake Doria alijigonga hapo mara mbili. Mara ya tatu alisimama, akakata kona, akaingia ndani. Imakulata alicheka. Dionis hakucheka, alikuwa akiitazama njia ya shambani, ambayo bado hajaichimba.