Hodi ya Saa Kumi

Siku ya tatu tangu wahamie, saa kumi jioni, mume alikuwa juu ya kiti akipigilia msumari wa pazia, na mkewe, muuguzi mpya wa zahanati, alikuwa amekishikilia kile kiti kwa sababu mguu mmoja wa kiti ulikuwa mfupi. Nje giza lilikwisha ingia; huko kaskazini, miezi ya baridi, jua huchungulia tu likaenda zake. Mke wa mwenye duka alikuja kuwasalimu na alikuwa akinywa chai yao bila haraka.

Mlango uligongwa mara tatu. "Hodi," ilisema sauti ya mwanamume. "Ni mimi. Naganda."

Muuguzi aliachia kiti aende kufungua.

"Kaa, mwanangu," mke wa mwenye duka alisema. "Huyo ni fundi mitambo."

"Fundi mitambo si huyu hapa juu ya kiti?"

"Huyo wa nje ni wa kabla yake." Akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio, kisha akaomba sukari.

Waliyajua yote kabla chai haijaisha. Mwaka juzi fundi wa zamani alikuwa akirudi kutoka kwenye jenereta, nje kidogo ya kijiji, dhoruba ya theluji ikamkuta njiani. Aligonga nyumba ya kwanza, ya pili, hadi ya kumi. Mtu akifungua mlango kwenye dhoruba, joto la siku nzima hutoka. Kila nyumba ilisikia, na kila nyumba ilijua kwamba jirani atafungua. Asubuhi alikutwa amekufa kwenye ngazi za nyumba ya kumi na moja, nyumba yake mwenyewe, ufunguo ukiwa mfukoni na vidole vimekataa kuutoa. Ndiyo nyumba waliyopewa muuguzi na mumewe. Tangu hapo alipita kila siku saa kumi akianzia dukani, na watu waliongeza sauti za redio zao za betri, ambazo duka halikuwahi kukosa.

"Hana ubaya," mke wa mwenye duka alisema. "Anapita tu."

Basi wakazoea. Mume alitengeneza rafu na kuziba nyufa za dirisha. Kule zahanati muuguzi alitibu masikio kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ya zile redio. Lakini aliogopa. Aliogopa akimenya viazi, aliogopa akikunja mashuka. Marehemu hakumtisha sana. Kilichomtisha ni kwamba mumewe alipita njia ileile kila siku.

"Na wewe ukigonga," alimuuliza, "nani atakufungulia?"

"Si wewe?" mume alisema, akacheka.

Mwezi wa pili dhoruba ilikuja mchana, na jenereta ikazimika. Mume aliondoka saa saba na sanduku la spana. Ilipofika saa kumi alikuwa hajarudi. Muuguzi alisikia redio zikipanda sauti, nyumba baada ya nyumba, kuja upande wake. Mlango ukagongwa.

"Hodi. Ni mimi. Naganda."

Upepo ulikuwa umezifanya sauti zote kuwa moja. Akafungua, roho mkononi.

Kwenye ngazi alisimama fundi wa zamani, barafu kwenye nyusi. Hakujaribu kuingia. "Siye mimi unayemngoja, dada," alisema kwa adabu. "Wako yuko nyuma yangu. Nimemwacha nyumba ya nne."

Muuguzi alimpita akakimbia. Alimkuta mumewe nyumba ya sita, amepiga magoti, akigonga kwa kiwiko kwa sababu mikono haikumtii tena. Ndani ya nyumba hiyo redio ilikuwa ikitangaza mpira. Alimburuta hadi nyumbani. Mwenyewe alimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto vilivyokufa kwa baridi, kwa kuwa muuguzi mwingine hakuwapo.

Asubuhi majirani walikuja na supu. "Tulidhani ni yule," walisema, na mke wa mwenye duka alilia machozi ya kweli.

"Aliita hodi mlangoni kwako," muuguzi alimwambia mwenye nyumba ya sita. "Alikuita shemeji."

"Hata yule huniita shemeji," alijibu, akauliza kama supu ina chumvi ya kutosha.

Jioni ile mlango uligongwa mara tatu. Muuguzi aliinuka.

"Usifungue," mume alisema kutoka kitandani.

"Ndiye aliyeniambia ulipo."

"Najua."

"Anaganda, baba."

"Najua anavyoganda. Ukimfungulia leo, kesho ataingia, na kijiji kitasema tumemkaribisha sisi. Atakuwa wetu." Aliinyooshea redio mikono yake miwili iliyofungwa bendeji, ikashindwa kuzungusha kitufe. "Niongezee sauti, mke wangu."

"Hodi," ilisema sauti ya nje. "Ni mimi."

Muuguzi aliuacha mlango, akaiendea redio. Kisha akamwongezea.