Buti Mlangoni

Jengo letu la mtaa wa Hillbrow, huku kusini, liliungua Julai, baridi kali, tukapelekwa kulala kwenye ukumbi wa wanajeshi wa akiba. Mimi ni mtu wa Tanga; kwetu mahali pa kulala hapakanyagwi kwa viatu. Asubuhi ya kwanza nilitandika mkeka mlangoni, nikamzuia Sajini Ntuli, msimamizi wa ukumbi.

“Vua buti.”

“Eish, mama! Hii ni kambi ya jeshi.”

“Jeshi lako liko nje. Humu watoto wanalala chini.”

Akanikodolea macho, kisha akainama kufungua kamba. Soksi yake ilikuwa imetoboka, kidole gumba kinachungulia. Aibu gani hii! Nikamvua soksi hiyo palepale, nikaishona kwa uzi mwekundu huku namgombeza kama mwanangu. Tangu siku hiyo askari wote walivua.

Wiki tatu baadaye tulipata vyumba mtaa wa Mayfair, mji huohuo. Tulishaagana na askari, mkeka wangu kwapani, nikakumbuka nimesahau birika. Nikarudi. Ukumbi ulikuwa mtupu, hakuna mtoto, hakuna godoro. Mlangoni palikuwa na jozi moja ya buti, zimepangwa vizuri kando ya ukuta. Ndani, sajini alikuwa akifagia peke yake, uzi wangu mwekundu ukionekana kwenye kidole gumba cha soksi yake.