Biti Hii Ni Yenu

Fundi hakumdanganya mtu, hilo tuliweke wazi mapema. Alimpigia simu kila mwimbaji akamwambia, "Njoo usikie, biti hii ni yenu." Yeye alikuwa na maana ya wote wanane: biti moja, yaani mdundo mmoja, waimbaji wanane, albamu moja ya densiholi, ule muziki wa Kijamaika ambao wengi huimbia mdundo uleule. Lakini waimbaji, jamani! Mwambie mmoja "yenu", naye anadhani umempa heshima ya uwingi kama mfalme. Kila mmoja alikuja kwa zamu yake, akaimba, akaenda zake akitamba kwamba katengenezewa biti ya peke yake.

Studio ilikuwa chumba cha nyuma nyumbani kwa shangazi yake Fundi, kuta zote zimefunikwa kwa magodoro sita ya Shangazi ili sauti isivume. Na Shangazi alishasema: wakwe zake wanaingia Jumamosi jioni, magodoro anayataka, albamu iwe imeisha au haijaisha. Bila magodoro hakuna studio, na Fundi hakuwa na pengine pa kwenda.

Jumamosi asubuhi akawaita wote pamoja waje kuimba kiitikio cha mwisho. Loo, alijitia kitanzi mwenyewe! Alipobonyeza kitufe tu, ukatoka wimbo wa Kamanda, mmoja wa wale wanane, anasifia viatu vyake vipya. Asali, dada mwenye sauti nyororo na ulimi wa wembe, akaruka kitini.

"He! Huyu anafanya nini ndani ya biti yangu?"

"Yako?" Kamanda akang'aka. "Wizi wa mchana kweupe huu! Fundi, si uliniambia ni yenu?"

"Ndiyo, yenu. Ninyi nyote."

"Kumbe! Mimi nilidhani unanistahi," Kamanda akasema, karibu alie.

"Futa sauti yangu," Asali akaamuru. Na yangu, na yangu, wengine wakadakia. Kazi ya miezi mitatu ilikuwa inamponyoka Fundi hivihivi, anaona.

Mara mlango ukafunguliwa. Shangazi, mwiko mkononi. Fundi akajua basi tena, magodoro ndiyo hayo yanaondoka. Biti ilikuwa bado inazunguka. Shangazi akashika kiuno, akasikiliza kidogo, akaingia palepale panapotakiwa:

"Miezi mitatu mwanigongea ukuta,
nikifua mwagonga, nikipika mwagonga,
leo mwasema hamtaki, nani kawauliza?
Biti hii si yenu, biti hii yangu mimi!"

Hakukosa pigo hata moja. Angekosaje? Aliyesikia biti ile kutwa kucha kuliko hata aliyeitengeneza ni yeye. Kamanda akaangua kicheko. Asali, bila kuombwa, akaitikia, "Yangu mimi!" na wenzake wote wakamfuata huku wakipiga makofi. Fundi, mjanja, alishabonyeza kitufe cha kurekodi zamani.

Kufika saa tisa alasiri albamu ilikuwa imekamilika, na waimbaji ni tisa. Fundi alifurahi mpaka akamkumbatia Kamanda na viatu vyake. Kisha, kwa kuwa ahadi ni deni, akapanda kiti akaanza kung'oa misumari.

"Wewe, unafanya nini hapo juu?" Shangazi akauliza.

"Magodoro, Shangazi. Wakwe zako si wako njiani?"

"Wakwe watandikie mikeka," akasema Shangazi. "Mimi ubeti wa pili sijaimba."