Bolti Kumi na Moja

Hadithi hii ni ya kweli tupu, haina chumvi hata punje, maana anayeisimulia alikuwepo na aliona kwa macho yake mawili. Mawili ni kwa hesabu ya kuzaliwa. Moja lina mtoto wa jicho, na lile zima siku hiyo lilikuwa linachunga birika la chai pale gereji lisifurike. Lakini masikio yake ni mazima, na hadithi yenyewe ni ya masikio.

Palikuwa na fundi wa magari, watu walimwita Sikio, na jina alilipata kwa kazi. Ukimletea gari kuukuu, hakukimbilia spana. Alishuka na nyundo ndogo kwenye shimo la gereji, chini ya gari, akagonga moja moja zile bolti zinazofunga bodi kwenye chesisi, uti wa mgongo wa gari, kichwa kakiinamisha kama mtu anayedukua ugomvi wa jirani. Bolti nzima hulia kwa sauti kali, ndefu. Iliyolegea hutetema. Iliyokatika ndani, ikabaki imeshikwa na kutu tu, hujibu kama mtu aliyevimbiwa. Kwa macho hutaijua: kichwa kipo, nati ipo, katikati hamna kitu, kama ndoa za baadhi ya watu.

Tatizo ni kwamba Sikio alikuwa hasikii tena. Miaka thelathini ya kupiga vyuma ndani ya shimo ilimlipa kwa mlio kama wa nyenje, ukaingia kichwani kama mgeni wa siku mbili, ukakaa. Hakumwambia mtu. Alijifunza kusoma midomo. Wenzake wakicheka alicheka, akichelewa kidogo. Redio ya gereji aliifungulia mpaka mwisho, akasema wateja ndio wanaopenda. Aliyemsemesha kwa nyuma akakosa jibu aliondoka akisema fundi siku hizi ana maringo.

Asubuhi hiyo aliingia dada yake mkubwa, mkononi ana kichwa cha bolti. Alikiokota uani akifagia, pale linapolala lori lake, lori la zamani waliloliita Bi Mkubwa kwa kuwa lilikuwa zito, lilinung'unika kila kilima, na halikuachika. Sikio alikigeuza kile kipande kiganjani. Nusu ya mkato ilikuwa nyeusi kwa kutu, nusu inang'aa kama sufuria mpya. Maana yake ufa ulikuwepo siku nyingi, na jana tu ndipo ulipomaliza kazi. Naye mwezi uliopita aligonga bolti zote za lori hilo, akasema ni nzima.

Mpwa wake, mtoto wa dada na dereva wa Bi Mkubwa, aliliingiza lori juu ya shimo. Kulikuwa na mifuko mia ya saruji ikingoja ghalani, na adhuhuri alitakiwa aiteremshe kwa ule mteremko mrefu wenye kona saba. Mjomba alijua hesabu yake. Bodi likiachia kwenye mteremko haliendi nyuma, linakuja mbele, na mbele ndiko alikokaa mtoto wa watu.

Bolti zilikuwa kumi na mbili. Iliyokatika ilionekana mara moja, tundu wazi, akalitia mpya, ya mwisho ya unene ule iliyobaki kwenye kopo lake. Zikabaki kumi na moja, na hizo ndizo zilizomtoa jasho. Bolti ikikatika, jirani zake hubeba mzigo wake, na hazibebi bure. Lazima mojawapo ilikuwa taabani. Ipi?

Akagonga ya kwanza. Kichwani nyenje. Akagonga ya pili, kwa nguvu zaidi. Ilikuwa kama kupiga godoro. Akaweka kidole upande wa pili wa bolti, labda mtetemo utamwambia, lakini vidole vya fundi vilikuwa na sugu kama kisigino, havikupata habari yoyote. Akajaribu hata kuuma kijiti na kuegemeza ncha yake ya pili kwenye chuma, labda mlio upite mifupani, akaambulia ladha ya grisi. Juu ya shimo dada na mwanawe walikuwa wamechuchumaa wanamtazama, wametulia kama watu walio mbele ya daktari.

"Nzima," akasema. Akaenda kwenye ya tatu. "Nzima."

Kila neno lilimchoma likitoka. Akapiga moyo konde, akashauri kwamba pengine ni bora wazifungue zote wazione. Mpwa akamkumbusha kistaarabu alichomfundisha yeye mwenyewe: bolti za umri ule ukizitia spana unakata hata zilizo nzima, na mpya za unene ule huletwa kwa siku tatu. Sikio akasema basi lori likae hizo siku tatu. Dada akauliza kwa nini, amesikia nini?

Hapo akakwama. Kusema amesikia kitu, lazima aonyeshe ni bolti ipi. Kusema hajasikia kitu, lori linaondoka. Ilibaki kusema kwamba hasikii kabisa, na neno hilo lilipanda mpaka kooni, likakutana na miaka thelathini ya sifa ikishuka, likarudi.

"Nimeingiwa na wasiwasi tu," akasema.

Mpwa akacheka, akasema mjomba anazeeka, zamani wasiwasi aliwaachia wenye magari. Dada hakucheka. Alikunja gauni, akashuka ngazi za shimo, miaka sitini na minne na magoti yake mabovu.

"Umechoka, mdogo wangu. Shika taa, nitagonga mimi. Wewe sikiliza."

Angekataaje? Akampa nyundo, akashika taa. Dada akahamia upande wa pili wa ule mhimili mpana wa chesisi, kikabaki kiwiko chake kikionekana na uso ukichungulia juu ya chuma. Kiwiko kikapanda, kikashuka. Uso ukauliza, hii ya nne vipi? Sikio akajibu nzima. Kikapanda, kikashuka kwa ya tano. Nzima. Ya sita, ya saba. Kwenye ya nane alijaribu kuwa mjanja, akakunja uso na kumwomba arudie. Dada akarudia. Sikio akatikisa kichwa kama aliyeridhika. Moyoni alikuwa anaiomba bolti ile, kwa jina lolote inaloitwa, iwe kweli nzima.

Ya tisa, kiwiko kikapanda, kikashuka. Uso ukachungulia.

"Na hii?"

"Hiyo ndiyo nzima kuliko zote, dada. Imelia mpaka imenitoboa sikio."

Dada akazunguka mhimili polepole, akija huku ameshika ukuta, mpaka akasimama mbele ya taa. Akauinua mkono uliokuwa ukigonga, akaufungua. Haukuwa na kitu. Sikio akamulika chini asione nyundo, akamulika kwenye vyuma asiione, hatimaye akainua macho. Mpwa alikuwa amesimama juu ya shimo, nyundo mkononi na ufunguo wa lori mfukoni, na kicheko kimemwisha.

"Nilimpa mwanangu nyundo nilipomaliza ile ya nne," dada akasema. Alisema taratibu, midomo akiikunjua neno kwa neno, kama mtu aliyejua siku nyingi kwamba husomwa. "Tano zote hizi nimegonga hewa. Sasa niambie, hiyo iliyokatika, mwezi uliopita uliisikia?"

Sikio aliielewa kila silabi. Akaweka kiganja nyuma ya sikio, akainamisha kichwa.

"Umesemaje, dada?"