Cheti cha Useremala

Miaka miwili fundi alifundisha useremala katika kituo cha kurekebisha watoto, na miaka miwili misumeno ilikaa kabatini, ufunguo mfukoni mwa mkuu wa kituo.

"Wakikatana, nitaulizwa mimi," mkuu alimjibu kila alipoomba.

Useremala gani huo? Vijana walichora misumeno madaftarini mpaka wakaijua kama viganja vyao.

Leo kijana waliyemwita Kijiti aliachiwa, mkononi ana cheti kilichosainiwa na mkuu huyohuyo. Langoni akamvuta fundi pembeni.

"Mwalimu, kesho naanza kazi kwa mjomba," alinong'ona. "Hivi, msumeno unashikwaje?"

Fundi akachomoa rula yake, wakaanza kukata hewa.