Limau la Geesje

Geesje alichora picha moja tu maishani mwake, na mumewe akalikwangua jina lake. Limau lililomenywa nusu, jani la mzabibu na kisu, basi. Aliichora kwa miezi miwili wakati Wolter, mchoraji mwenyewe, yuko kitandani na homa. Wolter alipopona aliitazama weee, halafu akachukua wembe.

"Mume wangu, hilo si jina langu?"

"Najua kusoma."

"Sasa unalitoa kwa nini?"

"Mji huu mzima wa Deventer, nani atatundika ukutani limau la mwanamke? Wewe saga rangi, mama. Hiyo ndiyo kazi yako."

Akaandika lake, W. Brinkhuis, pale pale pembeni, bila hata haya. Picha ikanunuliwa na Bibi Hasselink, mjane wa muuza nguo, akaitundika sebuleni. "Una bahati wewe, kuolewa na mwenye mkono kama ule," alimwambia Geesje sokoni, mbele ya wauza samaki. Geesje alitabasamu. Moyoni alikuwa anawaka moto.

Sasa, kijani cha majani hupatikana kwa kuchanganya buluu na njano. Njano ya kuaminika hutoka kwenye madini ya risasi. Iko nyingine ya matunda ya porini, inapendeza sana ikiwa mpya, lakini ikipigwa na mwanga miaka michache inapauka, inaondoka kabisa, na jani linabaki buluu. Zikishasagwa na kutiwa mafuta, kuzitofautisha kwa macho ni kazi. Na Wolter hakuwa amegusa jiwe la kusagia tangu aoe. Mke alikuwa wa nini?

Miaka tisa Geesje alimsagia ile ya matunda. Anaamka, anakula mkate na jibini, anakunywa bia yake nyepesi, anakaa kwenye jiwe.

"Kijani chako siku hizi kinang'aa kweli," Wolter alimsifu, akimpigapiga begani kama farasi.

"Asante, mume wangu."

Kisha baraza la mji likatundika picha ya Wolter ya shada kubwa la mizabibu mkabala na dirisha la kusini, na jua likafanya kazi yake. Majani yote yakawa buluu. Lo! Mji ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Brinkhuis, mizabibu yako imeshikwa na baridi?" waoka mikate walimpigia kelele. Picha zikaanza kurudishwa mlangoni, moja baada ya nyingine, na chama cha wachoraji kikamwita ajieleze, la sivyo jina lake lifutwe chamani. Wolter aliketi jikoni akalia kwa kwikwi. Geesje alifurahi. Siwafichi: alifurahi mpaka akajiongezea siagi kwenye mkate.

Lakini furaha hiyo haikumtosha, alitaka limau lake. Siku ya kesi akamwomba Bibi Hasselink ailete ile picha ukumbini, na yeye akasimama mbele ya chama.

"Wazee wangu, tazameni hili jani. Miaka yote hii linapigwa na mwanga, na bado kijani. Nimelichora mimi, kwa njano nzuri. Hizo nyingine nilimsagia njano mbovu, makusudi, kwa sababu alinikwangulia jina langu. Nirudishieni."

Mzee Everwijn, mkuu wa chama, alimtazama kama hakusikia vizuri.

"Yaani uliyeharibu ni wewe?"

"Mimi."

"Kwa mkono wako?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi Bwana Brinkhuis hana kosa. Jina lake libaki." Akamgeukia Wolter. "Na hili limau, ni la nani?"

Wolter akaisogelea picha. Kati ya zote za miaka hiyo zenye jina lake, ni hiyo tu iliyobaki nzima. Akaliangalia jani, akamwangalia mkewe.

"Langu."

"Muongo! Muongo mkubwa wewe!"

"Chuki yake kaisema mwenyewe, wazee. Mtamwamini huyu?"

Hawakumwamini. Chama kikaiomba picha ibaki pale ukumbini, na chini yake kikapigilia kibao cha shaba: W. Brinkhuis.

Walipofika nyumbani, Wolter alilibeba jiwe la kusagia akalifungia kabatini.

"Hata kazi hii basi tena, mama," alisema. "Kamenye vitunguu."

Geesje akaenda, akamenya.